Utalii wa ndani: ukitokea Sumbawanga, hifadhi ipi inakufaa wewe?

Samahanini kwa ukimya wa wiki mbili hizi, kijana wenu nilikuwa naganga njaa kwanza. Leo nimerudi na mada ambayo imeleta ubishi mkubwa kijiweni kwetu Mazwi, nikaona bora niiweke hapa tuijadili kwa upana.

Mada yenyewe ni hii. Kila siku tunaambiwa twende tukaone hifadhi zetu. Redioni, kwenye mabango, kwenye simu, kote ni "utalii wa ndani". Tangu ile filamu ya Royal Tour ya Rais Samia izinduliwe Aprili 2022, wimbo ndio huo. Sawa, mimi sipingi. Swali langu ni moja tu: twende ipi? Tanzania ina hifadhi za taifa zaidi ya 20, na hakuna bango hata moja linalomwambia kijana wa Ufipa mwenye laki moja mfukoni kwamba hii inakufaa na ile itakuumiza.

Nimemaliza kidato cha nne, sina cheti cha utalii. Ninachoandika hapa ni nilichokiona kwa macho, nilichosoma, na hesabu za kibubu chetu. Mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Tulianzaje

Tulikuwa washkaji wanane, wote tumesoma pamoja. Tukaanzisha kibubu, kila mtu 90,000, jumla 720,000. Lengo ni safari moja ya maana kabla maisha hayajatutawanya, maana tayari mmoja anaondoka kwenda Tunduma kwenye biashara na mwingine ameitwa Dar na kaka yake.

Siku ya kwanza ya kikao wote tulisema neno moja: Serengeti. Si ndio hifadhi bwana? Ndio iko kwenye noti za vichwa vyetu tangu darasa la tatu. Nyumbu zaidi ya milioni moja, simba, mto Mara. Nani hataki?

Mimi nikapewa kazi ya kupiga hesabu, na hapo ndipo ndoto ilipokufa. Kutoka hapa mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000. Unakwenda Tunduma, Mbeya, Iringa, unazunguka nchi nzima. Ukifika Arusha bado hujafika Serengeti, maana barabara ya huko inakatiza Ngorongoro, na Ngorongoro nayo ina mamlaka yake na viingilio vyake. Yaani unalipa kupita ili ukalipe kuingia.

Halafu nikagundua kitu ambacho wengi hatukijui, na nakiweka hapa bure kwa mwenye mpango. Mtu wa Rukwa hana sababu ya kwenda Serengeti kwa Arusha. Panda kaskazini: Mpanda, Tabora, mpaka Mwanza. Kutoka Mwanza ukishika barabara ya Musoma, kabla ya Bunda kuna lango la Ndabaka, liko pembeni kabisa ya lami. Hiyo ni Serengeti upande wa magharibi, na Ngorongoro hujaigusa. Lakini hata kwa njia hiyo ni siku mbili za basi kwenda na mbili kurudi, na ukifika bado unahitaji gari la kukuzungusha. Kibubu chetu kilikuwa hakitoshi hata kwa maombi.

Mlango ni rahisi, gari ndilo linaloua

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndio kiini cha uchambuzi wangu.

Watu wengi mtaani wanaamini hifadhi ni ghali kwa sababu ya kiingilio. Si kweli. Kwa miaka mingi raia wa Afrika Mashariki amekuwa akiingia hifadhi kama Katavi kwa buku tano tu, ukiweka na VAT inakuwa 5,900. Zile kubwa za kaskazini ni kama mara mbili yake. Mzungu anatoa dola 30 na kuendelea, na kwa sokwe wa Gombe anafika dola 100. Kwa hiyo serikali kwenye mlango imetupendelea, tuseme ukweli. Ila uliza bei kabla hujaondoka, maana viwango hubadilika, na ukumbuke kwamba pale getini hawapokei noti mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Usije ukafika na hela mfukoni halafu simu haina salio wala mtandao.

Kinachomshinda Mtanzania wa kawaida ni gari. Hifadhi nyingi huruhusiwi kutembea kwa mguu wako unavyotaka, na mwenzangu na mimi hatuna Landcruiser. Mzungu anayekuja na kampuni, gari limo ndani ya bei yake. Wewe unayetoka Sumbawanga na basi unashushwa getini na kimfuko chako, halafu unaanza kuuliza, "Jamani, hapa gari linapatikana?"

Kwa hiyo punguzo la kiingilio linamsaidia zaidi Mtanzania mwenye gari lake. Sisi wengine tumefunguliwa mlango wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto bila mtumbwi. Wanaopanga hizi kampeni za utalii wa ndani wangefikiria mabasi ya pamoja yanayoondoka mikoani siku za sikukuu kwa bei ya mwananchi. Nimesikia sehemu nyingine hufanyika. Huku kwetu mimi binafsi sijaliona.

Wewe ni msafiri wa aina gani?

Baada ya Serengeti kufa, tukaacha kuuliza hifadhi ipi ni maarufu. Tukaanza kujiuliza sisi wenyewe tunapenda nini. Nawapa mchanganuo tulioufanya, kila mtu ajitafute alipo.

*Wewe unayependa kutembea na una roho ya subira.* Kwako ni Mahale au Gombe. Mahale ilitangazwa hifadhi mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na ndani yake hakuna barabara za magari. Unafika kwa boti au ndege, halafu ni miguu tu, unapanda milima unawafuata sokwe. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwachunguza sokwe wa pale tangu 1965. Gombe ni ndogo sana, kilomita za mraba 50 na kitu, ndiko alikofika Jane Goodall Julai 1960 akiwa binti wa miaka 26, akaishi kuwa jina la dunia mpaka alipofariki Oktoba 2025. Jueni kwamba ukiwa na mafua unazuiwa, maana sokwe anaambukizwa magonjwa yetu. Na muda wa kuwa karibu nao ni saa moja. Kama wewe ni mtu wa kulalamika ukitembea kutoka stendi mpaka Chanji, huko usiende.

Kwenye ramani Mahale inaonekana iko jirani, ziwa ni lile lile letu la Kasanga na Kipili. Zamani jibu lilikuwa Mv Liemba, ile meli ya Mjerumani iliyozamishwa 1916 ikaibuliwa 1924 ikarudi kazini 1927. Lakini Liemba imekuwa na vipindi virefu vya kusimama kwa matengenezo. Usipange safari kwa kumbukumbu za babu. Ulizia bandarini kwanza kama kuna chombo, na kama hakuna ujue boti ya kukodi itakula kibubu chote.

*Wewe unayependa maua, baridi na utulivu.* Kitulo. Ilitangazwa 2005, kilomita za mraba 400 na kidogo, iko juu kule Makete. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nenda wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, wakati wenzako wote wanasema siyo msimu. Ukitafuta simba huko utarudi umekasirika. Lakini kuna jambo la kutuhusu sisi Wafipa. Mnakumbuka chikanda? Vile viazi vidogo vya porini ambavyo Wazambia wanavinunua kwa fujo wakatengeneze kitoweo chao? Vile ni mizizi ya okidi, maua yale yale ambayo Kitulo ilianzishwa kuyalinda. Vilichimbwa sana nyanda za Makete na Njombe, na uwanda wetu wa Ufipa nao ukachimbwa. Sisi tuliyang'oa kwa debe, wenzetu wanalipa kwenda kuyapiga picha.

*Wewe unayetaka tembo, simba na mto mkubwa, na una gari au marafiki wenye gari.* Ruaha, kupitia Iringa. Ni kubwa mno na haina msongamano wa magari kama kaskazini. Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ndiyo kubwa kuliko zote, karibu kilomita za mraba 31,000, lakini kwa mtu wa huku ni mbali, labda uwe unaishi Dar.

*Wewe usiye na hela kabisa ila una tiketi ya basi la Dar.* Kaa dirishani ukifika Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50. Twiga, swala, nyati, tembo ukiwa na bahati. Ni bure kabisa, mradi basi lipite mchana.

*Wewe usiyetaka hifadhi ya taifa, unataka kitu cha kusema "hii ni yetu".* Kalambo. Unakwenda Matai, halafu upande wa Kapozwa. Maporomoko yenye urefu wa zaidi ya mita 200, maji yanaanguka moja kwa moja mpakani na Zambia, na korongo shingo wazi wanataga kwenye kuta za jiwe. TANAPA haihusiki hapa, ni eneo la misitu. Juu ya hayo maporomoko ndipo Desmond Clark alipoanza kuchimba mambo ya kale miaka ya 1950, na mwaka 2023 wanasayansi wakatangaza kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, yaliyokutwa pale upande wa Zambia, yana umri wa angalau miaka 476,000. Hiyo ni kabla ya binadamu wa aina yetu kuwepo! Ni kazi ya mbao ya kujengea yenye umri mkubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani. Kutoka hapa mjini ni safari ya siku moja, unakwenda na kurudi. Niulize wangapi kijiweni kwetu wameshafika: wawili, na mmoja wao alikuwa anafuata mahindi.

Na ukikosa kabisa, kuna msitu wa Mbizi hapo juu ya mji, una mbega wekundu. Tunauona kila asubuhi tukipiga mswaki.

Kwa nini tukaishia Katavi

Sisi tulikuwa hivi: tunataka wanyama wakubwa, hatuna gari, hela kidogo, muda siku tatu, na Septemba ndiyo nafasi pekee. Ukiweka hayo yote kwenye mizani, jibu lilikuwa limetukalia jirani muda wote.

Katavi ilitangazwa hifadhi ya taifa 1974, na baadaye ikapanuliwa mpaka kilomita za mraba 4,471. Ni kati ya hifadhi kubwa nchini, na ni kati ya zinazopata wageni wachache. Siri yake ni kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mto Katuma unapungua mpaka unabaki madimbwi, na kila kiumbe kinachohitaji maji kinabanana hapo. Viboko mamia kwa mamia wanalaliana kwenye tope, mamba wanajificha kwenye mapango ya kingo za mto. Ukienda Machi utakuta nyasi ndefu, njia za tope na wanyama wametawanyika, halafu utarudi mtaani kusema Katavi haina kitu. Kosa litakuwa la kalenda yako.

Hesabu yetu niiweke wazi, maana huwa nachukia watu wanaosimulia safari bila bei. Hizi ni bei za mapatano ya siku ile, Septemba 2025, msizichukue kama sheria. Watu saba (nitaeleza kwa nini saba). Basi kwenda na kurudi Sitalike 28,000 kila mtu, jumla 196,000. Viingilio vya watu saba 41,300. Gari tulilokodi siku moja 280,000. Kuingiza gari 23,600, na dereva 5,900. Jumla 546,800. Kwenye 630,000 tukabaki na 83,200 za kulala gesti pale Sitalike na kula. Tulikula wali maharage, tukalala wawili wawili, mmoja akalala chini. Angalieni wenyewe: viingilio vyetu ni 41,300 na gari ni 280,000. Ndicho nilichokuwa nasema.

Tahadhari mbili. Kwanza mbung'o. Wanauma kama wamelipwa. Acha nyumbani nguo nyeusi na za bluu, wanazipenda. Pili hali ya hewa: sisi tumetoka huku juu na makoti yetu, tukashuka kule tukaanza kuyeyuka.

Nilichokiona sitakisahau. Uwanda wa Katisunga una nyati wengi mpaka unafikiri ni kivuli cha wingu. Karibu na ziwa Katavi tukasimuliwa habari za mkwaju wa Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake inaaminika kuishi pale, na watu wa eneo lile bado hupeleka sadaka. Siku nzima tulikutana na gari jingine moja tu. Wenzetu wa Serengeti wanapanga foleni ya magari kumwangalia chui mmoja.

Sasa siasa yake

Kama Katavi ni nzuri hivyo, kwa nini haina watu? Umbali ni sababu moja, na hiyo imepungua. Barabara ya Tunduma mpaka hapa imekuwa lami, ile ya fedha za Wamarekani wa MCC, na upande wa Mpanda nao lami imesogea sana. Sababu ya pili ni kwamba mipango ya nchi haituoni.

Chukua mfano wa mradi wa REGROW. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kukuza utalii wa kusini ili mzigo usiwe kaskazini tu. Tukashangilia. Ukisoma ndani, hifadhi zilizolengwa ni nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Selous ambayo sehemu yake sasa ni Nyerere. Katavi haimo, Mahale haimo, Kitulo haimo. Yaani hata kwenye kusini, sisi ni kusini ya kusini. Halafu mradi wenyewe ukaingia doa. Wananchi wa pembeni mwa Ruaha walilalamika kuhusu kuhamishwa na kutendewa vibaya, Benki ikasimamisha fedha Aprili 2024, na kabla mwaka huo haujaisha mradi ukafutwa.

Wengi waliisoma habari ile kama ugomvi wa wakubwa na Benki. Mimi niliisoma nikamkumbuka mwenzetu wa nane.

Wa nane

Nilisema tulikuwa wanane tukaenda saba. Huyu mshkaji anatokea huko bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, upande ambao mto Kavuu unaingia ziwa Rukwa. Kwenye vikao vya Serengeti alikuwa wa kwanza kuchangia. Tulipobadilisha kuwa Katavi akanyamaza. Kikao cha mwisho akasema nirudishieni hela yangu.

Tukamjia juu. Tukamwita mshamba, tukamwambia anataka Serengeti ya kupigia picha. Akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Kiingilio cha kwetu baba alishalipa. Ng'ombe wawili."

Baba yake ni mvuvi. Miaka ya nyuma alikamatwa ndani ya pori moja la hifadhi, sitalitaja, akiwa na nyavu na ndoo. Alikuwa amevuka mpaka, hilo mwenyewe halikatai. Faini ikalipwa kwa ng'ombe, na mwaka ule mshkaji akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa hela. Kwa hiyo mnapomwambia "hifadhi yako, urithi wako, njoo utalii", neno hifadhi kwake lina sauti nyingine.

Nami sitaki kumgeuza shujaa. Bila ulinzi, viboko wale wasingekuwepo, na mimi nisingekuwa na cha kuwaandikia. Majangili wapo, na askari wa wanyamapori wanaopoteza maisha wapo. Lakini tuwe wakweli: kwa vijana wengi wa vijiji vya pembezoni, mara ya kwanza kukutana na hifadhi si kwa tiketi, ni kwa kukimbizwa. Kampeni ya utalii wa ndani inayoanzia Dar na Arusha haijui hilo. Ingekuwa mimi ndiye mpangaji, watalii wa ndani wa kwanza wangekuwa watoto wa shule za vijiji vinavyopakana na hifadhi, kila darasa, kila mwaka, na gari linalotoka hifadhini. Mtoto akishamwona kiboko akiwa juu ya gari pamoja na mwalimu wake, siku akija kuambiwa "huu ni urithi wako" atakuwa na kumbukumbu ya kuliamini hilo neno.

Maji

Jambo la mwisho kabla dakika zangu za kafe hazijaisha. Msichelewe kwenda Katavi. Mto Katuma unazidi kuchoka. Kule juu, kabla haujaingia hifadhini, kuna mashamba ya mpunga na watu wanaozuia maji kumwagilia, na watafiti wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba kiangazi madimbwi ya viboko yanakauka mapema kuliko zamani. Kilichoupata Ruaha Mkuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wa kukatika kabisa kiangazi, kinatunyemelea na huku. Na mkulima wa mpunga naye ana watoto, si adui. Ndio maana nasema hili si suala la wanyama tu. Maji ya Katuma yakitoka hifadhini ndiyo yanakuwa Kavuu, na Kavuu ndiyo inaingia Rukwa, anakovua yule mzee wa ng'ombe wawili.

Tuliporudi nilimwonyesha mshkaji picha kwenye simu. Niliogopa atakasirika. Akazipitisha nyati, akazipitisha twiga bila neno. Alipofika kwenye picha ya viboko pale Sitalike akasimama, akaikuza kwa vidole, akaacha viboko akaangalia ukingo.

"Maji yalikuwa yanafika wapi?" akaniuliza. "Hapa kwenye mizizi, au chini yake?"

Nikamwambia chini. Chini sana.

Akanirudishia simu. Akasema mwakani, kama mvua itakuwa nzuri, labda atakuja. Lakini hatapanda gari, atakaa pale darajani tu aangalie.

Basi wadau, uwanja ni wenu. Wewe ni msafiri wa aina gani, na hifadhi ipi ulikwenda ikakufaa au ikakutia hasara? Mwenye bei za karibuni za Mahale kutokea Kipili aziweke hapo chini, tunaanza kibubu kingine. Na nyie mnaotokea vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, hasa nyie, semeni. Matusi hapana, hoja ruksa.

Nawakilisha.